Wimbo Unaoingia na Kaskazi

Kaskazi huanza kuvuma, embe hujaa kwenye matenga sokoni, na fundi wa redio karibu na stendi ya Bagamoyo huanza kuupiga ule wimbo. Kipi humtangulia mwenzake, sina hakika. Mwaka jana niliusikia nikitoka Ijumaa, kanzu mwilini, Desemba yenyewe haijaingia. Ulikuwa unatoka kwenye spika iliyofumuliwa mgongo, nyaya nje kama matumbo ya samaki. Nikasimama. Mtoto wa madrasa, mtu mzima, nimesimama juani kuwasubiri Boney M wamalize.

Kwenye santuri uliandikwa "Mary's Boy Child – Oh My Lord", nao ulitoka mwishoni mwa 1978. Kwetu hauitwi hivyo. Ni "ule wa Krismasi", basi, na hakuna anayeuliza upi. Zipo nyingine, najua. Wham! walitoa "Last Christmas" 1984, Mariah Carey akaleta wake 1994, na huko Ulaya na Marekani hizo ndizo zinazofufuka kila mwisho wa mwaka na kuparamia chati. Nyimbo nzuri za mapenzi zilizovishwa nguo za sikukuu. Utazisikia kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam, lakini panda basi la Makumbusho, vuka Bunju, pita Mapinga na Kerege: mpaka kufika Zinga zimeshakata pumzi. Ule wa Boney M hauna mpenzi aliyekimbia wala chembe ya theluji. Una mama aliyekosa pa kulala, mtoto, wachungaji na malaika. Bibi yangu alikijua kisa hicho kwa upande wake, wa Bi Maryamu na mtende, na wimbo ulipopita dirishani hakuona kitu cha kukasirikia.

Kwetu uliingia kwa njia ya uani. Idi tulimpelekea jirani pilau. Krismasi sahani yetu ilirudi, na sahani hairudi tupu. Siku hiyo kaseti yake ililia kutwa. Kanda ilikuwa imevutika, kwa hiyo sauti zilikuwa zikiyumba kama ngalawa inayokata wimbi, na mpaka nilipofika sekondari nilidhani kuyumba kule ni sehemu ya wimbo. Niliposikia kanda nzima kwa mara ya kwanza, niliona kama wamepunguza utamu.

Nilimwuliza fundi kwa nini anajaribia spika zote kwa wimbo huo huo. Hakuinua uso. "Ustadhi, huu umepangwa. Kila kitu kina kiti chake."

Tangu hapo nausikiliza kwa masikio ya fundi. Wimbo unaanza na kiitikio. Watunzi wengi hukificha, wakakuzungusha beti nzima ndipo wakakionyesha. Huu unakikabidhi mlangoni, ukiwa umeimbwa polepole, sauti zimeshikana, ili hata aliyepita njia awe na cha kushika. Kisha mdundo unaingia, hadithi inaanza kutembea. Na pale ambapo wimbo wa kawaida ungechosha, unafunguka wimbo wa pili ndani ya ule wa kwanza, kisha mbili hizo zinapokezana hadi mwisho. Ni kiungo cha kuingiza ulimi kwenye tundu, kama cha seremala mzuri: unaona mbao mbili, msumari huuoni.

Mbao hizo zilichongwa na mikono tofauti. Ya kwanza ni ya Jester Hairston, mjukuu wa watumwa wa Marekani na bingwa wa nyimbo za kiroho za watu weusi. Mapigo yake alikuwa ameyatunga kwa ajili ya sherehe ya siku ya kuzaliwa, kwa mwendo wa kalipso. Alipoombwa wimbo wa Krismasi, akayarudia na kuyavika maneno mapya. Harry Belafonte aliurekodi 1956, na mwaka uliofuata ukashika namba moja Uingereza. Miaka 22 baada ya Belafonte, Mjerumani Frank Farian akauunganisha na kipande kipya alichokitunga na Fred Jay, akawapa watu wake wanne. Wote walitoka Karibi: Liz Mitchell na Marcia Barrett wa Jamaika, Maizie Williams wa Montserrat, Bobby Farrell wa Aruba. Farrell ndiye aliyeruka jukwaani, ila sauti nzito ya kiume studioni ilikuwa ya Farian mwenyewe. Wapo wanaouita huo utapeli. Mimi naishi mji wenye Chuo cha Sanaa tangu 1981, hiki tunachokiita sasa TaSUBa, na kila siku naona mpiga ngoma akitoka jasho nyuma na mchezaji akipigiwa makofi mbele. Sijaona aliyedai kurudishiwa kiingilio.

Kuna jambo linalonifurahisha zaidi. Belafonte aliimba "Malaika" na Miriam Makeba kwenye albamu ya 1965. Boney M nao wakaitoa "Malaika" yao 1981. Ubishi wa nani aliitunga, Fadhili William au Adam Salim, tuuache barazani kwa wenyewe. Ninachosema ni kwamba waimbaji wote wawili waliotuletea Krismasi ya kalipso walikuja pia kuchota kisimani kwetu, na Kiswahili chao cha kigeni tukawasamehe.

Ukifuata njia ya miembe utafika Misheni, walipopiga kambi mapadri wa Roho Mtakatifu 1868 na kuwapa makazi watu waliokombolewa utumwani. Sitaki kufunga fundo lisilokuwepo: majahazi ya hapa yalielekea Unguja na Arabuni, si Jamaika. Lakini mkesha wa Krismasi, kwaya ikishamaliza na watu wakitawanyika chini ya miembe ile, mwenye kibanda cha soda ng'ambo ya pili huupiga wimbo wa mjukuu wa watumwa, na vizazi vya waliokombolewa huitikia.

Kisha Januari haupo. Hakuna aliyeupiga marufuku. Unarudi kabatini na zile sahani ambazo mama hazitoi mpaka sikukuu, na labda ndiyo maana haujapasuka. Nyimbo tunazozipenda kila siku tumezila mpaka mifupa.

Ijumaa ile spika ilifika kwenye mdundo ikakwaruza. Fundi akazima, akachukua bisibisi. "Besi bado," akasema, akaurudisha mwanzo.