Ngozi ya Mawe Juu ya Corcovado

Amtazamaye Kristo Mkombozi kutoka ufukweni mwa Rio de Janeiro huona umbo jeupe lisilo na kiungo wala mshono, na aghalabu hudhani ni jiwe moja lililochongwa; kumbe ni zege la nondo lililovikwa ngozi ya vipande vidogo vya mawe, na ngozi hiyo, kwa rai yangu, ina hekima kuliko hata urefu wake wa mita 30 unaosifiwa mno.

Mhandisi Heitor da Silva Costa hapo awali alimkusudia Kristo aliyeshika msalaba mkono mmoja na tufe la dunia mkono wa pili, mchoro ambao wenyeji waliufanyia mzaha kwamba ni Kristo mwenye mpira. Baadaye msalaba ukaachwa, na mwili wenyewe ukawa ndio msalaba: shauri lililopendeza macho na kuwatia wahandisi taabuni, kwa kuwa mikono iliyotanda mita 28 toka ncha hadi ncha, pasipo nguzo ya kuitegemeza, juu ya kilele cha mlima Corcovado cha mita 700 na ushei, hukinga upepo kama tanga la jahazi. Hesabu za nondo na zege zilimhusu Albert Caquot wa Ufaransa. Huko huko Paul Landowski alilifinyanga umbo, na Gheorghe Leonida, Mromania, akaushughulikia uso. Vifaa vilipandishwa mlimani kwa reli iliyokuwapo tangu 1884, ambayo bila hiyo sidhani kama kazi ingalianza.

Likabaki suala la sura ya nje, maana zege tupu lina ukavu usiostahili uso wa Kristo. Da Silva Costa, baada ya kuona mjini Paris chemchemi iliyopambwa kwa vigae vidogo vidogo, aliazimia kutumia jiwe la sabuni, jiwe lile lile ambalo wachongaji wa Tabaka, huko Kisii, hulichonga kwa kisu wakafanya bakuli na viboko. Ajabu yake ni hii: laini hata kucha huweza kulikwaruza, ilhali jua na mvua havilipasui upesi. Likakatwa pembetatu, kila moja upana wa vidole viwili hivi, na udogo huo ulikuwa na sababu, kwani kibamba kikubwa hakikubali kufuata mkunjo wa joho wala mviringo wa shavu, bali kidogo hutii kila pinda. Wanawake wa Rio wakajitolea kuvibandika vipande juu ya nguo, kimoja kimoja, mamilioni yake, na baadhi yao waliandika nyuma ya jiwe majina ya wapenzi wao. Majina hayo yamo humo hata leo, baina ya jiwe na zege, wala hapana ayasomaye.

Sanamu ilizinduliwa tarehe 12 Oktoba 1931. Radi haijaiacha tangu hapo, na Januari 2014 ilimega ncha ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Kutengeneza si kazi ngumu; lililo gumu ni kupata jiwe, maadamu lile la rangi ya asili limekuwa adimu, na viraka vinavyotiwa sasa vimekoza kidogo kuliko ngozi ya zamani.