Nyimbo za Usukuma na Jina la Kabila

Katika shule zetu za Shinyanga na Geita imekuwa desturi kwamba mwalimu akiletewa wimbo wa kienyeji, huandika juu yake maneno mawili, "wimbo wa kabila," kisha huufungia kabatini. Wengine huufungia kwa heshima, wakisema mna roho ya Wasukuma ndani yake. Wengine huufungia kwa hofu, wakisema utaamsha ukabila katika darasa ambamo Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa na Walongo huketi pamoja. Makundi haya mawili hubishana sana, lakini katika jambo lililo kubwa yamepatana: kwamba mwimbaji huimba kwa kuwa ni mtu wa kabila fulani. Neno hilo ndilo nitakalo kulichungua, kwa sababu naona si kweli, au ni kweli kidogo sana, nalo latuzuia kuyasikia mashairi yenyewe.

Tuanze na jina. Sukuma maana yake ni kaskazini. Wenzake ni dakama, yaani kusini. Kiya, yaani mashariki. Na ng'weli, yaani magharibi. Mnyamwezi akigeuza uso upande wa ziwa huwaita wote walioko huko Wasukuma, nao humwita yeye mtu wa dakama. Mtu wa Shinyanga basi yumo njiani: kwa jirani yake wa kusini yeye ni wa kaskazini, na kwa mtu wa Mwanza yeye ni wa kusini. Jina la namna hii halimwambii mtu yeye ni nani. Lamwambia amesimama wapi, na ni nani amtazamaye. Wala si ajabu kwamba mtunzi wa nyimbo, ambaye kazi yake ni kujitaja kwa usahihi, halioni kuwa jina la kutosha.

Hujitaja kwa nini basi? Husema jina lake na la baba yake au mama yake, kijiji chake, na zamani, kabla watemi hawajaondolewa madarakani mwaka 1963, alimtaja mtemi wake. Lakini zaidi ya yote hutaja chama chake cha ngoma. Kila msomaji aliyekaa Usukuma miezi ya Juni hata Agosti, mavuno yakiisha, amewaona Bagika na Bagalu wakishindana uwanjani. Husimuliwa kwamba mwanzo wake ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na kwa nyimbo. Na hata leo mshindi hupimwa kwa wingi wa watu waliouacha uwanja wa mwenzake wakaja kwake. Tena kuna vyama vya kazi: bayeye wanaoshika nyoka na kuwatibu walioumwa, banunguli wawindao nungunungu, bagobogobo wachezao na majembe wakilima shamba la mtu kwa ujira. Watu hawaingii katika vyama hivi kwa kuzaliwa tu. Huingia kwa kufundishwa, kupewa dawa, na kumkubali mwalimu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtunzi Mgika anapomchoma adui yake kwa maneno makali, adui huyo si Mmasai, wala Mha, wala mtu wa pwani. Ni Mgalu, aliyezaliwa mwendo wa saa moja kutoka kwake, asemaye lugha ile ile, na pengine aliyenyonya ziwa moja naye. Msomaji aliyekwisha kuamua kwamba wimbo ni wa kabila hatauelewa uchungu huo. Ataona matusi tu, na kusema washairi wetu ni watu wa magomvi. Kumbe kutukanana huko ni sanaa yenye sheria zake, nako hutegemea kujuana sana: hakuna awezaye kumtania mtu vizuri asipojua deni lake, ng'ombe wake na ukwe wake.

Jina la kabila lilipata nguvu kwa njia nyingine. Kwanza njia ya misafara, ambamo wapagazi waliotoka nchi mbalimbali za bara walifika pwani wakaitwa kwa jina moja na watu wasioona tofauti zao. Halafu njia ya serikali. Mwaka 1946 nchi za watemi wa Usukuma ziliunganishwa katika shirikisho moja, makao yake Malya. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1957 Wasukuma walitajwa kuwa zaidi ya milioni moja, nao wakawa kabila kubwa kupita yote ya Tanganyika. Hesabu ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuwauliza watu makabila yao. Tangu wakati wa shirikisho twapata nyimbo zinazousifu Usukuma wote kama kitu kimoja. Nimezisikiliza nyingi, nami nasema bila kusitasita kwamba ni dhaifu kuliko zile za uwanjani. Husifu ukubwa, wingi na mifugo. Hazina mtu ndani yake. Waweza kuondoa jina la Wasukuma ukaweka la Wahehe, wala wimbo usiumie.

Nataka kuwa wa haki kwa wale waliozikusanya. Kitabu cha Frank Gunderson, kilichotolewa mwaka 2010, kina nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, nacho kina sifa moja kubwa: nyimbo zimepangwa kwa kazi za waimbaji. Ndivyo ipasavyo. Na Padre David Clement, wa Mapadre Weupe, alipoziingiza ngoma za Bujora katika sikukuu ya Ekaristi, ile iitwayo Bulabo, hakuondoa mashindano ya Bagika na Bagalu ili abakize "utamaduni wa Wasukuma" uliopoa. Aliyaacha yawe mashindano. Nyumba ya makumbusho iliyo pale ni jambo jingine. Ina faida yake, lakini mgeni huondoka akidhani ameliona kabila moja, hali ameonyeshwa vyombo vya watu waliokuwa wakishindana.

Mtu ataniuliza habari za washairi wa Kiswahili. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo, tena mwenye kuipenda asili yake. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Lakini kitabu hicho ni cha nathari, na mashairi yake alitunga kwa bahari za pwani, akawa mwalimu wa ngonjera kwa nchi nzima. Shaaban Robert, ambaye ukoo wake ulikuwa wa Wayao, alijiandika Mswahili. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani, ubishi uliozuka ulikuwa wa kanuni kwa nje, na ndani yake mlikuwa na swali la nani mwenye ushairi wa Kiswahili. Katika habari za watu hawa watatu sioni kabila likitenda kazi kama damu itendavyo. Naona watu wakichagua mwalimu, kama afanyavyo kijana aingiapo kwa Bagika.

Kwa hiyo hofu ya walimu wenzangu wa Geita naiona imekosa shabaha. Nchi ile ilijaa wahamiaji waliovuka kutoka mashariki ya ziwa wakitafuta malisho na mashamba, na baadaye wachimbaji wa dhahabu kutoka kila upande. Huko mwana wa Mzinza aweza kumpokea mwimbaji wa Kisukuma kuwa mwalimu wake wa ngoma. Kumnyima mtoto wimbo huo kwa jina la umoja ni kumwondolea mojawapo ya njia ambazo umoja ulipitia.

Mwalimu aandikaye wimbo na aulize mambo haya kabla ya kuuliza kabila: ni wa chama gani, nani aliutunga, nani alimfundisha, uliimbwa juu ya nani, na huyo alijibu nini. Jibu la mpinzani liandikwe karatasi ile ile, kwa maana wimbo mmoja bila mwenziwe ni nusu ya shauri. Tena aangalie irabu: Kisukuma kina saba, nazo herufi zetu tano za Kiswahili huyachanganya maneno mawili kuwa moja, na mara nyingi fumbo lote limefichwa katika tofauti hiyo.