Mark II ya Gia ya Mkono: Kumtambua Fundi Stadi Old Kampala

Toyota Mark II nyeusi iliyoshushwa, ikipanda kutoka Namirembe Road kwa mngurumo unaotikisa vioo vya maduka, haikuambii lolote kuhusu aliyeijenga. Mngurumo ni wa bomba la moshi, na bomba hufungwa kwa nusu siku. Kazi ya fundi imejificha mahali pawili: ndani ya bloku, na pale injini inapokutana na giaboksi. Mwenye kutaka kulihukumu gari la namna hii, au kupanga la kwake, aanzie hapo.

Kanuni ya magari ya namna hii ni ya Wamarekani wa miaka ya 1960: bodi la gari la kawaida, injini ya gari kubwa, gia ya mkono. Pontiac GTO ya 1964 ndiyo hutajwa kwanza. Kampala kanuni hiyo imevaa suti ya Kijapani. Toyota Mark II na Chaser ni magari ya bosi wa ofisi, lakini boneti zake zinaipokea 1JZ-GTE: lita 2.5, silinda sita kwenye mstari mmoja, turbo, na nguvu za farasi 280 kwa tangazo la kiwanda. Wala mapenzi ya silinda sita na gia ya mkono hayakuanza jana. Dereva Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda Safari Rally ya 1973 kwa Datsun 240Z yenye mpangilio huohuo. Tatizo ni kwamba Mark II nyingi zilikuja na otomatiki, na tangu 2018 Uganda haipokei gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Bodi zilizopo ndizo hizo, na kila moja inayoharibiwa na fundi mbovu haina mbadala.

Kabla ya kununua hata boliti moja, amua gari litafanya nini. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo huku hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Ndiyo maana fundi anayekuahidi maajabu kwa 1JZ-GE isiyo na turbo, kwa kuchonga kichwa na kubadilisha kemshafti tu, mshukuru kisha uondoke. Turbo huifidia hewa nyepesi. Ila usimruhusu apandishe presha ovyo: 1JZ za kabla ya 1996 zina turbo mbili ndogo zenye magurudumu ya seramiki, na yakilazimishwa hupasuka.

Injini utaikuta Kisekka, soko la vipuri lililo hatua chache chini ya kilima cha Old Kampala. Wengi huitazama turbo kwanza; wewe tazama nyaya. Nyaya zilizokatwa karibu na soketi ni hasara kubwa kuliko turbo iliyochoka, kwa sababu turbo inauzwa, lakini nyaya zilizounganishwa kwa tepu zitakusumbua kila mvua ikinyesha. Fungua kifuniko cha oili: tope jeusi linakwambia oili haikubadilishwa. Omba mgandamizo upimwe silinda zote sita. Kipimo cha silinda moja moja hakina maana sana. Tofauti kati ya cha juu na cha chini isizidi asilimia kumi hivi.

Sasa bloku. Hapa ndipo fundi stadi na fundi wa maneno huachana. Mwombe karatasi ya vipimo. Aliyefanya kazi kweli anayo, imechafuka oili, na ina namba zisizofanana, kwa kuwa silinda sita hazijawahi kulingana kabisa. Ukiona namba sita sawasawa, zimebuniwa. Kwa bloku ya 1JZ, yenye silinda za kipenyo cha milimita 86, mwanya wa ringi ya juu kwenye injini ya turbo inayoongezwa presha huwa karibu milimita 0.43 hadi 0.5; ukiwa mdogo mno, joto laweza kuzikutanisha ncha za ringi na kuvunja pistoni. Nafasi kati ya beringi na krenkishafti hukadiriwa kama sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shafti. Fundi asiye na maikromita anaweza kuipima kwa uzi laini wa plastiki unaobanwa kisha kulinganishwa upana wake. Asiye na hata uzi huo anakisia kwa kidole. Kuta za silinda ziwe na mistari inayokatana, midogo na sawa, maana ndiyo inayoshika oili. Ukuta unaong'aa kama kioo haufai, hata ukipendeza macho.

Kisha inama uangalie mshono wa sampu. Silikoni nyekundu iliyofura nje ni ushahidi unaotosha kumhukumu mtu. Kiasi kilichosukumwa nje kimesukumwa ndani pia, na kile cha ndani kitachomoka siku moja na kuziba chujio la pampu ya oili. Fundi mzuri hupaka uzi mwembamba usioonekana. Mimi kwa alama hii moja ningeikataa injini hata kama imepakwa rangi mpya na kufungwa boliti za chuma cha pua.

Tuje kwenye giaboksi. Inayotafutwa zaidi ni R154, ya gia tano: ya kwanza 3.251, ya nne 1.000, ya tano 0.753. Inabeba nguvu za 1JZ bila kulalamika, na kwa hiyo bei yake ni kubwa. Kuifunga hakuhitaji nguvu, kunahitaji subira. Kati ya bloku na giaboksi zipo pini mbili za kulengea; boliti hukaza, pini ndizo hunyoosha. Pini zikikosekana, shafti ya giaboksi huingia upande kidogo, na beringi yake ya mbele itakuwa ikilia ndani ya miezi michache. Uliza kama pini zipo, kisha uliza kama krenkishafti imetiwa beringi ndogo inayobeba ncha ya shafti hiyo. Injini zilizotoka kwenye otomatiki aghalabu hazina. Boliti za flaiwili nazo ni ndefu kuliko za sahani ya otomatiki. Fundi anayezitumia zile za zamani kwa kuwa zimeingia hajui anachofanya.

Chini ya gari, propela shafti ikatwe na kusawazishwa kwa mashine, maana urefu wa otomatiki mara nyingi haulingani. Wachonga vyuma wa Katwe hukata vizuri; hakikisha tu kwamba imesawazishwa pia. Ndani, kanyagio cha klachi kifungwe kwenye bamba lililoimarishwa. Ukikikanyaga na ukuta unaotenga injini ukayumba, utapasuka.

Nyaya ndizo mtihani wa mwisho wa adabu ya fundi. Gari la otomatiki huwaka likiwa kwenye P au N pekee. Mvivu huzifunga pamoja nyaya za swichi inayolinda hilo, na kuanzia hapo gari laweza kuwashwa likiwa ndani ya gia na kurukia gari la mbele. Anayejiheshimu huziunganisha na swichi ya klachi. Kompyuta ya otomatiki ikibaki itaendelea kuitafuta giaboksi isiyokuwepo, na kuwasha taa ya hitilafu. Itafutwe ya gia ya mkono. Taa za kurudi nyuma nazo zifanye kazi, jambo dogo linaloonyesha kama mtu alimaliza au alichoka.

Sehemu ya kujaribia iko hapohapo. Simamisha gari kwenye mteremko wa Old Kampala, karibu na msikiti, kisha liondoe polepole bila kukanyaga mafuta sana. Likitetemeka, flaiwili ina alama za moto au klachi ina oili. Panda kwa gia ya tatu, ukisikiliza mlio wa beringi. Halafu shuka hadi kwenye foleni ya taksi paki na ukae humo mpaka joto lipande: kipimo cha joto kikitulia, radieta imechaguliwa na mtu mwenye akili.

Mwisho omba mambo mawili ambayo hayahusu chuma. Namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku ilingane na ile ya kwenye kadi ya gari, na risiti ya ununuzi wa injini iwepo. Muuzaji akisema risiti imepotea, punguza bei kwa kiasi cha injini nzima.