Vijana wa Nangwa na Nyumba ya Kwanza

Kuna lawama ambayo hurudiwa kila panapozungumzwa utamaduni wa makazi: kwamba vijana wa siku hizi hununua makao, ilhali wazee wao waliyapata kwa jasho na kwa urithi. Tumeisikia Nangwa, katika nchi ya Mlima Hanang, na tumeisikia penginepo. Tunakusudia kuipima hapa, kwani tunaona kwamba ina chembe ya ukweli iliyofunikwa na usahaulifu mwingi.

Tuanze na nyumba yenyewe. Wairaqw walitokea nyanda za juu za Mbulu, na huko waliwahi kujenga tembe lililochimbiwa ubavuni mwa kilima, paa lake likiwa bapa, la miti iliyofunikwa udongo, hata mpita njia asiweze kulitambua kwa urahisi. Hayo hayakuwa mapambo, bali njia ya kujificha wasionwe na maadui waliokuja kuteka ng'ombe. Nyumba ya namna hiyo haikuuzwa wala kununuliwa. Kijana aliyetaka kuoa alionyeshwa mahali, akakata miti, na majirani wakaja kumsaidia. Malipo yao yalikuwa chakula na pombe, pamoja na deni la yeye kwenda kwao siku yao ikifika.

Basi mlaumu huishia hapo, kana kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyehama. Kumbe Wairaqw waliteremka kutoka Mbulu na kuenea katika nyanda za Hanang hasa katika karne ya 20, na nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wadatoga. Baadaye, tarehe 6 Novemba 1973, ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kaya zilizotawanyika zikakusanywa pamoja. Miaka hiyo hiyo mashamba makubwa ya ngano ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula yalitwaa malisho ya Wabarbaig upande wa Basotu, jambo lililofikishwa mahakamani. Kwa hiyo mzee anayemcheka kijana kwa kutokuwa na kwao, huenda yeye mwenyewe alijenga nyumba yake ya kwanza mara mbili.

Na ardhi haikuongezeka. Shamba la baba likigawanywa kwa wana watano, halafu kila fungu likagawanywa tena, hubaki vipande ambavyo havitoshi mahindi na mbaazi, sembuse uwanja wa nyumba. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1958 yaitwayo Mali ya Taifa, alipinga ardhi kufanywa bidhaa. Hoja yake bado ina uzito. Lakini kijana asiye na fungu hawezi kulala ndani ya hoja. Tena kuna binti, ambaye desturi haikumpa shamba la baba yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mwalimu wa kike anayenunua kiwanja kwa mshahara wake, mkataba ukashuhudiwa na halmashauri ya kijiji ikaridhia, ameacha desturi gani, ikiwa desturi hiyo haikumpa kitu?

Tena neno "kununua nyumba" lenyewe lina udanganyifu. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikufa mwaka 1995, na mikopo ya nyumba ya leo inadai hati na mshahara wa uhakika, vitu ambavyo mkulima wa kawaida hana. Anachonunua kijana ni kiwanja. Kisha hununua matofali msimu huu, saruji msimu ujao, na bati Mungu akijalia.

Hata hivyo vijana nao tuna la kuwaambia. Nyumba inayotamaniwa sasa ni ile ambayo kuta zake hupandishwa juu hadi kulificha bati, ionekane bapa kutoka barabarani. (Bibi zao waliishi chini ya paa bapa, wakaambiwa ni ushamba.) Hatuchukii ramani hiyo, kinachotusikitisha ni kwamba imekuja na fundi wa kulipwa peke yake. Jirani hupita, husalimia, huenda zake. Hapo ndipo ilipo chembe ya ukweli tuliyoitaja: kilichopotea si udongo wa paa, ni ile deni ya mikono.

Pamoja na jirani imepotea habari ya ardhi yenyewe. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishukia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Hatusemi kwamba marehemu walikosea mahali, kwani wengi walikaa walipokaa wazazi wao. Twasema tu kwamba mkataba wa mauziano huandika mipaka na bei. Hauandiki maji yalipita wapi zamani. Hilo huulizwa kwa mzee, na mzee aliyekwisha kumlaumu mnunuzi ni vigumu aulizwe.

Nangwa, kama kwingineko nchini, utaona msingi uliosimama miaka mitatu bila ukuta. Mwenyewe yuko mbali akitafuta fedha ya lenta. Ndani ya kile kitakachokuwa chumba cha kulala, mama yake amepanda mahindi.