Uchache wa Risasi na Dawa: Uhakiki wa Resident Evil 2

Wako wasomaji watakaostaajabu kuona mchezo wa kompyuta ukipimwa katika kurasa zilizozoea tenzi na kamusi. Mastaajabu yao hayana ubaya, lakini yasiwe kizuizi, maana kazi ya sanaa hupimwa kwa yale imtendeayo mtu wala si kwa chombo iliyopanda. Mchezo niutazamao ni Resident Evil 2, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1998 chini ya uongozi wa Hideki Kamiya, kisha ukaundwa upya tangu msingi hadi paa na kutolewa Januari 2019. Nauhakiki huu wa pili, na ndani yake jambo moja tu: jinsi mchezaji agawiwavyo risasi na dawa kwa mkono wa birika.

Kisa chenyewe ni cha Septemba 1998, katika Raccoon City, mji wa kubuni wa Marekani. Leon, askari aliye katika siku yake ya kwanza ya kazi, na Claire, msichana amtafutaye kaka yake, wanajikuta katika kituo cha polisi ambacho zamani kilikuwa jumba la sanaa. Maradhi yamewageuza wenyeji kuwa maiti watembeao. Mchezaji huchagua mmoja wa hao wawili, na huanza na mfuko wenye nafasi 8, ambazo huweza kuongezeka hadi 20 kwa vifuko viokotwavyo njiani.

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika mfuko huu akiba huoza, maana kila kitu hukalia nafasi ya kingine. Aliyejaza risasi hana pa kuweka ufunguo. Aliyejaza dawa huipita baruti sakafuni na kuiacha. Hivyo swali la mchezo si “Nina nini?” bali ni “Niache nini?” Na swali hilo la pili ndilo linalomfanya mtu afikiri.

Wako walaumuo kwamba huo ni ubahili wa watungaji. Nimewasikia wanafunzi wangu wakibishana juu yake kwa ukali, na mmoja akaapa kwamba mchezo unyimao risasi haumtendei mchezaji haki. Lawama hiyo siikubali. Mchezo hunyima risasi, lakini haunyimi njia. Maiti akipigwa kichwani mara kadha wa kadha huanguka, na pengine huinuka tena. Lakini akivunjwa mguu hutambaa, na mwenye haraka humpita. Ubao ukipigiliwa dirishani huwazuia wengine wasiingie. Kiumbe kiitwacho Licker hakina macho, husikia tu. Atembeaye polepole huweza kupita karibu nacho bila kutumia hata risasi moja. Na lile jitu livaalo kofia, ambalo huwafuata watu chumba hata chumba, risasi hulipigisha goti kwa muda mfupi tu, kisha likaendelea na safari yake. Alimiminiaye risasi ametwanga maji kinuni. Basi, uchache si adhabu. Uchache ni mwalimu amfundishaye mchezaji kutofautisha adui wa kupigwa na adui wa kukwepwa.

Kwa upande wa dawa, mimi niliyezoea sarufi naona jambo la kupendeza zaidi. Jani la kijani likitumiwa peke yake huponya kidogo. Jani jekundu peke yake halifai kitu; ni kama kiambishi kisichoweza kusimama bila mzizi. Yakiunganishwa hayo mawili, mgonjwa hupona kabisa. La buluu huondoa sumu, na yote matatu yakichanganywa humpa mtu kinga ya muda dhidi ya mapigo. Hali kadhalika baruti: ya kawaida ikichanganywa na ya kawaida huwa risasi za bastola. Kwa hiyo mchezaji hachukui vitu tu. Huchukua maneno ambayo hayajawa sentensi, na lazima aamue ni lini atasema na atasema nini. Kulitumia jani la kijani leo kwa jeraha dogo ni kuliacha jani jekundu la kesho likiwa bubu.

Hata hivyo, kazi hii ina dosari, na mhakiki aifichaye humdhulumu msomaji. Katika vyumba vya usalama mna sanduku, na kiwekwacho katika sanduku moja huonekana katika mengine yote. Sanduku hilo halimwulizi mwekaji lolote. Hapo ndipo methali ya wahenga hurudi kuwa kweli, na bahili hupata maficho yake. Mfuko ulimwonya, sanduku likamsamehe. Wachezaji wengi huchechemea usiku kucha wakishika mbavu, kisha hufika mwisho wa hadithi sanduku likiwa limejaa dawa ambazo hazitamponya mtu yeyote.

Watungaji wenyewe wameweka tiba katika daraja ngumu zaidi, ambapo hata kuhifadhi safari kwahitaji utepe wa wino, na tepe zina hesabu. Hapo bahili hana budi kutumia kitu ili asipoteze vyote. Kwa maoni yangu daraja hiyo ndiyo mchezo wenyewe, na zile nyepesi ni utangulizi wake.

Thamani ya kitu haijulikani mpaka kiwe haba, lakini uhaba peke yake haumfanyi mtu kuwa na hekima. Mwenye hekima si yule aliyebakiza risasi nyingi, bali ni yule aliyejua ipi ilikuwa na wajibu wa kutoka. Kwa kutufundisha hilo katika giza la nyumba ya kubuni, kazi hii yastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi za sanaa zinazofaa kuhakikiwa.