Umehesabu Ngazi?

Bei ya waya huulizwa dukani. Ukifika Gerezani pale Kariakoo, utatajiwa bei ya rola la milimita 2.5 kabla hujamaliza salamu, na duka la pili litakupunguzia. Bei ya ufundi haina duka. Wengi wetu tuliikadiria kwa pointi: taa pointi, swichi pointi, soketi pointi, zidisha, mpe mwenye nyumba karatasi. Nilikwenda hivyo miaka minne, nikila hasara nisiyojua inakoingilia.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Tanga niliyemfanyia kazi. Tulipata ukumbi wa kufunga taa 24, dari lake mita nne na nusu. Nikapiga hesabu: taa moja dakika 15, zote saa 6, kesho jioni tumeondoka.

"Umehesabu ngazi?" akaniuliza.

"Ngazi tunayo, mzee."

"Sikuulizi kama tunayo."

Kesho yake nilipanda nikakuta bisibisi nimeiacha chini. Nikashuka. Nikapanda. Taa ikakaa, nikashuka, tukasogeza viti, tukaihamisha ngazi hatua tatu, tukaitikisa kuona kama imesimama sawasawa, nikapanda tena. Kufikia taa ya kumi mapaja yalikuwa yanatetemeka, na mtu anayetetemeka juu ya ngazi hafungi skrubu kwa mwendo wa asubuhi. Tulimaliza siku ya pili, alasiri. Usiku ule mzee alinionyesha daftari lake: siku 2, watu 2. Alikuwa ameyaandika kabla hatujaingia ukumbini. Zile dakika 15 zangu zilikuwa za kweli kwa mikono. Miguu sikuipa hata moja.

Nikanunua daftari. Kuchimba mfereji wa bomba kwenye tofali za saruji, kwa patasi na nyundo, mita moja: dakika 12. Kwa grainda: 5, na 3 za kuzoa vumbi. Kurudi baada ya mafundi wa lipu, kuzikuta boksi zimezibwa, kuzitafuta kwa kugongagonga: nusu siku, nyumba nzima. Hili la mwisho sijaliona kwenye makadirio ya kijana yeyote, na sijaona nyumba lilikokosekana.

Marekani, chama cha wakandarasi wa umeme, NECA, hutoa kitabu cha vipimo vya kazi chenye safu tatu: mazingira ya kawaida, magumu, na magumu sana. Kifaa ni kilekile, saa ndizo zinazobadilika. Nazipenda safu hizo, kwa kuwa aliyezipanga alimfikiria mtu aliyejikunja darini saa nane mchana, chini ya bati.

Na anayekadiria chini haumizwi mfukoni tu. Siku zikimwishia, kitakachokatwa ni kile cha mwisho, nacho ni kupima. Saketi ya nyumba ya volti 230 hupimwa kwa mega ya volti 500, na ukinzani wa kihami usipungue megaomu 1. Ni kazi isiyoonekana ukutani, mwenye nyumba hataiulizia. Kwa hiyo mimi huiandika kwanza, juu kabisa ya karatasi, kabla sijahesabu taa hata moja.

Mwezi uliopita niliitwa Mji Mkongwe, Unguja, kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Humo dakika zangu 12 hazina maana: patasi inagusa jiwe moja, linatoka na jirani yake, na unajikuta na shimo la kuingiza kichwa. Mwenye nyumba, bibi wa makamo, alitaka bei papo hapo. Nikamwomba radhi, nikaweka daftari chini, nikaupitia ukuta wa sebuleni kwa kifundo cha kidole, shubiri kwa shubiri, nikisikiliza palipo pagumu na palipo na mvungu.

"Ukuta huu, siku moja na nusu," nikamwambia.

Nikahamia wa pili.