Uliipata kwa Nani?

Mpiga fidla wa Ireland akimaliza lahani ambayo wenzake hawajapata kuisikia, haulizwi ni nani aliyeitunga. Huulizwa: uliipata kwa nani? Jibu analo tayari. Atamtaja mtu na kijiji chake, na kama anaijua vizuri historia ya anachokipiga, hataishia hapo. Atasema mzee huyo naye aliichukua kwa baba yake, na baba aliisikia kwa mpiga zumari kipofu aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba. Mtunzi wa kwanza mara nyingi hajulikani kabisa. Anayekumbukwa ni yule aliyeipokea akaipokeza.

Katika sanaa zote ninazozipenda sijaona nyingine inayomheshimu mpokezaji kiasi hiki.

Lahani zenyewe ni fupi. Nyingi zina sehemu mbili, kila sehemu ina vipimo 8 na hupigwa mara mbili, kisha mpigaji anarudi mwanzo. Mzunguko mzima haufiki dakika moja. Zilitungwa kwa ajili ya miguu ya wachezaji. Rili hukimbia kwa mapigo manne, jigi huruka kwa mafungu ya mapigo matatumatatu, honipaipu hutembea kwa madaha, na huko kwenye vilima vya mpaka wa Cork na Kerry, eneo liitwalo Sliabh Luachra, watu hupenda zaidi polka na slaidi. Mpigaji mzuri huwa na mamia ya lahani hizi kichwani. Ukiziandika karatasini zinafanana kama mbegu za papai. Uhai wake umo vidoleni: noti moja inakatwa na nyingine iliyo nyepesi kama kukonyeza jicho, nyingine inazungushwa, nyingine inavutwa polepole kutoka chini, na mzunguko wa pili haufanani kabisa na wa kwanza. Wapenzi wa taarab, waliozoea kusikia fidla ikiipamba sauti ya mwimbaji, watanielewa mara moja. Ni nakshi. Ila fundi wa milango akishachonga, nakshi yake inabaki ubaoni. Hapa fundi anachonga upya kila mara, na kila mara nakshi inapotelea hewani.

Sasa kitu cha namna hiyo mtu humfundishaje mwenzake? Pádraig O'Keeffe wa Sliabh Luachra (1887–1963) alikuwa na njia yake. Alikuwa mwalimu wa shule kama baba yake, akaachishwa kazi mwaka 1920, na tangu hapo akawa anazunguka kwa miguu akifundisha fidla katika nyumba za wakulima. Yeye mwenyewe alirithi muziki kwa mjomba wake, Cal O'Callaghan. Wanafunzi wake wengi hawakujua kusoma noti, basi akabuni maandishi yake. Alichukua mistari mitano ya kawaida ya muziki, nafasi nne zilizo kati yake akazifanya nyuzi nne za fidla, na ndani ya nafasi akaandika namba za vidole. Mtoto aliyejua kuhesabu hadi nne aliweza kubaki na lahani nzima mpaka mwalimu atakapopita tena. Lakini karatasi ilibeba mifupa tu. Nyama ilitoka kwa mzee mwenyewe, ameketi jikoni, anapiga, anarudia, anapiga tena. Mwaka 1952 Séamus Ennis, mpiga zumari na mkusanyaji mashuhuri, alimrekodi pamoja na wanafunzi wake wawili, Denis Murphy na dada yake Julia Clifford. Ukiwasikiliza watatu hao unatambua mkono wa mwalimu katika kila pigo la upinde, na bado unaweza kuwatenganisha mmoja mmoja, kama unavyotambua sauti za ndugu waliolelewa nyumba moja.

Wapo waliopokeza kwa njia nyingine. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja, na wengine kama hao wakakimbilia ng'ambo, na waliofuata miaka ya baadaye hawakukoma. Walipokwenda walikwenda na lahani zao. Francis O'Neill alizaliwa Tralibane, Cork, mwaka 1848, katikati ya njaa hiyo, akaja kuwa mkuu wa polisi wa jiji la Chicago kuanzia 1901 hadi 1905. Mtu huyu hakujua kuandika noti hata moja. Alikuwa na kumbukumbu isiyovuja, tangu lahani alizozisikia utotoni, na alikuwa na polisi mwenzake, James O'Neill, aliyezisikiliza na kuziandika. Kitabu chao cha 1903 kina lahani 1,850. Cha 1907, chenye lahani 1,001 za dansi, kilienea mno hata wapigaji wakawa wanakiita "kitabu" tu, na kila mtu akajua ni kipi.

Kisha zikaja santuri. Michael Coleman, kijana wa Killavil katika Sligo, alihamia Marekani mwaka 1914, na santuri alizopiga New York kuanzia miaka ya 1920 zilirudi kwao kwa meli. Alikuwa na kipaji cha kutisha. Wapigaji wa vijijini walimsikia, wengine wakaanza kuonea haya upigaji wa kwao, wakauacha na kumwiga yeye. Santuri hizo nazipenda mno, lakini naona ziliumiza. Lahani iliyopokewa kwenye santuri ni ileile kila siku. Haimtazami mwanafunzi machoni, wala haimwambii apunguze mwendo.

Ndiyo maana nikifikiria kupokezana nafikiria zaidi kijiji cha Miltown Malbay, pwani ya magharibi, katika Clare. Hapo alizaliwa Willie Clancy mwaka 1918. Baba yake, Gilbert, mpiga filimbi, alikuwa amejaa muziki wa Garret Barry, mpiga zumari kipofu aliyefariki mwaka 1899. Willie hakumwona Barry, lakini alilala na kuamka na lahani zake, kwa sababu baba aliendelea kuzipiga na kuzisimulia. Mtoto alipokea muziki wa marehemu kutoka mdomoni mwa aliye hai.

Zumari yenyewe hakuiona mpaka mwaka 1936, alipofika Johnny Doran, aliyeishi barabarani na familia yake katika gari la kukokotwa na farasi, akipiga kwenye minada na mashindano ya farasi. Zumari ya Ireland haipulizwi kwa mdomo. Upepo hutoka kwenye mvukuto unaobanwa kwa kiwiko, na jina lake, uilleann, kwa Kiairishi ndilo kiwiko. Doran aliipiga kwa kasi na moto, noti zikimiminika bila pengo. Miaka miwili baadaye Willie, fundi seremala, akapata zumari yake.

Tunaweza kumsikia Doran leo kwa sababu ya rafiki mmoja. Mwishoni mwa mwaka 1947 John Kelly, mpiga fidla kutoka Clare aliyekuwa na duka Dublin, aliona afya ya Doran si nzuri, akaihimiza Tume ya Mapokeo ya Ireland imrekodi. Ikamrekodi. Januari 1948 upepo mkali uliangusha ukuta juu ya gari alimokuwa akiishi. Alivunjika vibaya, na mwaka 1950 akafariki. Hakuna rekodi zake nyingine. Kelly angeahirisha jambo hilo miezi michache tu, tungebaki na sifa za mtu tusiyeweza kumsikia.

Willie Clancy alifariki Januari 1973. Kabla mwaka huo haujaisha, rafiki zake walianzisha shule ya kiangazi kwa jina lake palepale Miltown Malbay, na tangu hapo kila Julai kijiji hujaa fidla, filimbi, konsatina na zumari. Mchana watu hufundishwa darasani. Usiku huketi duara katika baa, bila jukwaa wala kiongozi. Mmoja anaanza, wanaoijua lahani wanaingia, asiyeijua anaweka chombo magotini na kusikiliza. Mnyamavu huyo ndiye ninayemwangalia kuliko wote, kwani yeye ndiye anayepokea.

Ukitaka kuonja, tafuta rekodi za Doran za 1947. Uzisikilize ukiwa umekaa, bila kazi nyingine mkononi, na ukizipenda umpigie mtu mmoja unayemjua. Akikuuliza umezipata kwa nani, mtajie John Kelly.